Jigi, Kalibu na Kiolezo: Istilahi ya Ubao wa Matundu katika Kuunga Taa za LED

Katika karakana, jina jigi, lililotoholewa kutoka Kiingereza, hutumiwa kwa kifaa ambacho si zana ya kukatia wala si sehemu ya kitu kinachotengenezwa, bali hukaa kati ya viwili hivyo ili kazi inayorudiwa itoke kwa kipimo kilekile kila mara. Mafundi wa mashine hulibana zaidi neno hili: kwao jigi ni kile kinachoongoza zana, kama bamba linaloelekeza keekee mahali pa kutoboa, ilhali kifaa kinachoshika tu kitu kisisogee huhesabiwa kuwa kishikizo. Waundaji wa vifaa vya elektroniki nyumbani hawaufuati mpaka huo, kwa kuwa ubao wao wa matundu hushika na kupima kwa pamoja.

Mfano ulio wazi ni mchemraba wa LED, yaani diodi zitoazo mwanga, zilizopangwa 4 kwa 4 kwa 4, jumla 64. Kila diodi ina mguu mrefu, ambao ni anodi, na mfupi, ambao ni kathodi. Katika kila tabaka la diodi 16 kathodi hukunjwa na kuungwa kwa lehemu, kisha anodi za matabaka huunganishwa wima kuwa nguzo. Ubao hutobolewa matundu 16 kwa keekee ya milimita 5, kipimo ambacho ndicho kipenyo cha diodi za kawaida, na diodi hutumbukizwa kichwa chini hadi ukingo wake uzuie. Inafaa tundu la kwanza lijaribiwe kwenye kipande cha mbao kisichohitajika, kwa sababu diodi inayobana mno huvunja viungo tabaka linapong'olewa, na inayolegea huinama wakati wa kulehemu. Miguu ikiwa na urefu wa milimita 25 hivi, nafasi ya milimita 20 kati ya vitovu vya matundu huacha sehemu ya kutosha ya kupishanisha na kuunga.

Vipimo vyote vichukuliwe kutoka ukingo mmoja wa ubao, wala si kutoka tundu hadi tundu, kwa maana kosa la nusu milimita likirudiwa katika nafasi tatu huwa milimita moja na nusu. Hata hivyo, ubora wa kifaa hiki haumo katika usahihi peke yake: tundu likikosewa kidogo, kosa hilo hujirudia mahali palepale katika matabaka yote manne, na nguzo bado husimama wima, mradi pembe moja ya ubao iwekewe alama na kila tabaka lipangwe kwa kuelekea alama hiyo.

Hapo ndipo uchaguzi wa istilahi unapopata msingi. Kalibu, ingawa ni neno kongwe na zuri, ni chombo cha kumiminia kitu kilichoyeyuka kigande kwa umbo lake, na diodi hazimiminwi. Kishikizo kinataja kushika tu na kuacha kipimo. Kiolezo kinatokana na kitenzi oleza, yaani kufanya kitu kifanane na kingine, nako kufanana kwa matabaka ndiko kunakotafutwa. Jigi inaweza kuendelea kutumika karakanani bila madhara, lakini katika vitabu vya mafunzo kiolezo cha matundu ndilo jina linalostahili kutangulizwa.