Padre Giovanni Bosco na Vijana wa Mji wa Torino

Katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka tumezoea kuweka, baada ya hesabu za fedha na majina ya ndugu waliotutoka, habari moja ya mambo yaliyopita. Mwaka huu tumechagua habari ya padre mmoja wa Italia aliyewakusanya vijana wa mjini katika saa ambazo hawakuwa na mtu wa kuwaangalia. Sababu ya kuichagua ni kwamba shauri la namna hiyo li mbele yetu: je, ukumbi wa Chama ufunguliwe alasiri watoto watokapo shuleni, au ubaki umefungwa mpaka siku ya mkutano? Wamo kati yetu Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu. Lakini si lazima mtu awe wa dhehebu la padre huyo ili afaidike na kazi yake, maana sote tuna watoto.

MALEZI YAKE

Giovanni Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo, katika nchi ya Piemonte, kaskazini mwa Italia. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki mwaka 1817, na mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita Occhiena, hakujua kusoma wala kuandika. Aliachiwa wana watatu, mmoja wao akiwa wa mke wa kwanza wa marehemu, naye akawalea wote kwa jembe lake.

Giovanni aliipata elimu kwa taabu, huku akifanya vibarua. Alijifunza ushoni, na alipokuwa akisoma katika mji wa Chieri alitumika mkahawani ili apate mahali pa kulala. Tangu utotoni alikuwa na kipawa kimoja cha ajabu. Aliwatazama wacheza viini macho magulioni, akajifunza kutembea juu ya kamba na kurusha vitu hewani asiviangushe. Kisha akawachezea watoto wa kijijini, na kiingilio chake kilikuwa kusali pamoja naye na kusikiliza mahubiri aliyoyaleta kutoka kanisani. Tarehe 5 Juni 1841 alipewa upadre mjini Torino.

ALIYOYAONA GEREZANI

Wakati huo Torino ulikuwa mji mkuu wa Ufalme wa Sardinia, nao ulikuwa ukijengwa kwa haraka. Vijana walishuka kutoka milimani na mashambani kuja kubeba matofali, kuchanganya chokaa na kusafisha mabomba ya moshi. Wengi wao walikuwa mbali na wazazi. Wengine hawakuwa na wazazi. Siku za kazi walikuwa na bwana wa kuwatuma. Jumapili na jioni hawakuwa na mtu.

Mwalimu wake, Padre Giuseppe Cafasso, aliyekuwa akiwahudumia wafungwa, alimchukua magerezani. Huko aliona vijana wadogo wenye afya na akili, wamekaa bure na kuliwa na wadudu. Lakini jambo lililomchoma zaidi ni kuwa wengine waliofunguliwa wakiwa na nia ya kutengenea walirudi tena baada ya siku chache. Alipochunguza sababu akaona kwamba kijana aliyetoka gerezani hakuwa na nyumba ya kwenda wala mtu wa kumpokea. Basi akakusudia kuwa rafiki yao huko nje, na kama iwezekanavyo, kabla hawajaingia ndani.

Wahenga wetu walisema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo mara nyingi twaitumia kuwalaumu akina mama. Lakini ulimwengu huo unaofunza ni nani? Ni mwenye duka, ni fundi, ni mwenye nyumba za kupanga, ni jirani; yaani ni sisi wenyewe. Padre Bosco alianza kazi yake hapo.

Mwanzo wake hukumbukwa kuwa tarehe 8 Desemba 1841, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi mjini Torino. Mtunza kanisa alimkuta kijana amesimama katika chumba cha mavazi ya ibada, akamwamuru atumikie misa. Kijana akajibu kwamba hajui. Basi akapigwa na kufukuzwa. Padre Bosco, aliyekuwa akijitayarisha kwa misa, akasema kwamba aliyepigwa ni rafiki yake, akaagiza arudishwe. Jina lake lilikuwa Bartolomeo Garelli, yatima, mfanya kazi wa ujenzi, wa miaka 16. Hakujua kusoma wala kuandika. Yasimuliwa kwamba, baada ya kuulizwa mambo mengi asiyoyajua, aliulizwa kama ajua kupiga mluzi; hapo akatabasamu, na somo la kwanza likaanza. Jumapili zilizofuata wakaja na wengine.

KELELE ZA WATOTO

Mkutano huo wa vijana aliuita Oratorio, maana yake mahali pa sala. Lakini haukuwa wa sala tu. Asubuhi walisali na kuungama. Kisha walifundishwa dini, wakaimba, wakakimbia, wakacheza mpira na kupanda vijiti virefu vya miguu. Padre mwenyewe alikunja kanzu yake akakimbia nao. Katikati ya juma alikwenda kuwatazama mahali pa kazi, juu ya majukwaa ya waashi na ndani ya karakana, akasema na mabwana zao.

Sehemu hii ya habari twaomba wazee waisome kwa makini, maana katika mkutano wetu walisikika waliosema kwamba watoto watapiga kelele na kuvunja vioo. Maneno hayo yana ukweli, na huko Torino yalisemwa pia. Mwaka 1844 vijana walipewa nafasi katika nyumba za hisani za Bibi Giulia wa Barolo, mwanamke mkarimu wa ukoo bora. Lakini nyumba ilipohitajiwa kwa kazi nyingine ikawapasa kuondoka. Walijaribu kanisa la makaburini, wakakatazwa. Walipewa kanisa dogo penye vinu vya unga, na wenye vinu wakalalamika. Walipanga vyumba katika nyumba ya mtu, na wapangaji wengine wakateta. Mwisho walikodi uwanja mtupu, na wenye uwanja wakasema kwamba nyasi zimekanyagwa hata mizizi. Mkuu wa mji, Marchese Michele wa Cavour, aliogopa kwamba kundi kubwa la vijana laweza kuzaa fujo, akatuma askari kulichungulia. Hata baadhi ya mapadre wenzake walidhani kwamba amepungukiwa na akili.

Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyesema kwamba kazi ile ni mbaya. Kila mmoja alisema ni njema, ila ifanywe mahali pengine.

Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, walipata banda la Bwana Francesco Pinardi katika mtaa wa Valdocco, nje kidogo ya mji. Paa lilikuwa chini mno, hata ikabidi sakafu ichimbwe ili mtu asimame wima. Banda hilo ndilo mwanzo wa yote yaliyofuata.

MAMA MARGHERITA

Mwezi wa Julai mwaka huohuo Padre Bosco aliugua karibu na kufa kwa sababu ya kazi nyingi. Alipopona alimwomba mama yake, aliyekuwa amekwisha kuwa mzee, aache utulivu wa shamba aje akae naye. Tarehe 3 Novemba 1846 wakafika Torino kwa miguu. Mama huyo alitoa nguo zake za arusi zishonwe kuwa vitambaa vya kanisa.

Wasomaji wasidhani kwamba wema wao ulilipwa upesi. Vijana wa kwanza waliolazwa darini penye nyasi waliondoka usiku na mablanketi. Hata hivyo, mwezi wa Mei 1847, kijana mmoja yatima alipobisha hodi usiku wa mvua, walimfungulia. Mama Margherita alimpa mchuzi wa moto, akamtandikia jikoni juu ya matofali na mbao. Akamwambia maneno machache ya dini na uaminifu, akazima taa. Kisha akaufunga mlango kwa ufunguo ili vyungu visifuate njia ya mablanketi. Twapenda habari hiyo, kwa kuwa yaonyesha huruma na busara zikikaa nyumba moja.

Siku nyingine vijana, katika mchezo wa vita, waliikanyaga bustani yake ya mboga ikaharibika yote. Mama akachoka, akamwambia mwanawe kwamba anarudi kwao. Padre hakubishana naye. Alimwonyesha tu msalaba uliotundikwa ukutani. Mama akautazama, akarudi kazini, asiondoke tena mpaka alipofariki tarehe 25 Novemba 1856. Vijana wasio na mama walimwita Mama.

MASOMO YA JIONI NA MAPATANO YA KAZI

Watoto wetu huenda shule asubuhi, na taabu yetu ni alasiri. Kwa vijana wa Torino mambo yalikuwa kinyume: mchana ulikuwa wa kazi, na shule ikawangojea jioni. Walifundishwa kusoma, kuandika na hesabu, na walimu wengine walikuwa vijana waliotangulia kufundishwa. Serikali ilipoamuru mizani na vipimo vya zamani viachwe, na kilo na mita zishike nafasi yake kuanzia mwaka 1850, Padre Bosco alitunga kitabu chepesi juu ya vipimo hivyo mwaka 1849, akawafundisha hata kwa michezo ya kuigiza. Wazee wanaokumbuka jinsi sisi tulivyohama kutoka ratli na futi wataelewa faida yake: kijana asiyejua kipimo kipya hupunjwa mshahara na unga pia.

Hakukomea hapo. Yako mapatano ya mwaka 1852 yaliyoandikwa kati ya seremala mmoja na kijana aliyewekwa kwake kujifunza kazi. Fundi aliahidi kumfundisha kazi yake yote, asimtume kazi zisizo za ufundi huo, amwonye kwa maneno pasipo kumpiga, ampe nafasi ya Jumapili na siku za mapumziko, na kumwongezea mshahara kadiri ya miaka. Kijana aliahidi utii na bidii. Baba wa kijana alitia sahihi, na Padre Bosco akatia yake. Hivyo kazi iliyoanza kwa mchezo wa mpira iliwafikia wazazi na waajiri, ikawafunga kwa neno lililoandikwa. Mwaka uliofuata akaanzisha karakana zake mwenyewe, za viatu na za ushoni.

Mwaka 1854 kipindupindu kilipoingia Torino, watu wengi walikimbia wagonjwa wao. Vijana wa Oratorio walijitolea kuingia katika nyumba za maskini, kuwainua na kuwasafisha. Mama Margherita aliwatolea mashuka na vitambaa mpaka akatoa cha mezani. Mji uliokuwa umewafukuza kwa ajili ya kelele uliwapokea milangoni.

WALIOFUATA

Oratorio ya pili ilikuwa imefunguliwa mwaka 1847, na ya tatu mwaka 1849. Tarehe 18 Desemba 1859 Padre Bosco aliunda shirika la Wasalesiani, na wengi wa wanachama wake wa kwanza walikuwa vijana aliowalea mwenyewe. Mmoja wao, Michele Rua, aliyefiwa na baba utotoni, ndiye aliyemrithi. Mwaka 1872, pamoja na Maria Domenica Mazzarello, aliyekuwa akiwafundisha wasichana kushona katika kijiji cha Mornese, aliunda shirika la masista kwa ajili ya wasichana. Mwaka 1877 aliandika kwa ufupi njia yake ya malezi, yenye nguzo tatu: akili, dini na upendo. Alifariki tarehe 31 Januari 1888, na mwaka 1934 Kanisa lake lilimtangaza kuwa mtakatifu. Katika miaka ya 1980 Wasalesiani walikuwa wamekwisha kufika Kenya. Wana shule ya ufundi huko Karen, Nairobi, nao wamefundisha kazi za mikono katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

SHAURI LETU

Twaona kwamba Padre Bosco hakuanza na jengo. Alianza na kijana mmoja, kisha akakaa zaidi ya miaka minne kabla ya kupata banda. Kitu alichokuwa nacho tangu siku ya kwanza ni yeye mwenyewe: alikuwapo walipocheza, alikuwapo waliposoma, na walipokuwa kazini aliwafuata. Katika njia yake ya malezi aliagiza kwamba vijana wasiachwe peke yao, bali watu wazima wakae kati yao kama baba, ili kosa lizuiwe kabla ya kutendeka kuliko kuadhibiwa baadaye.

Kwa hiyo ufunguo wa ukumbi ni jambo dogo katika hoja iliyo mbele yetu. Ukumbi uliofunguliwa pasipo mzee ndani yake ni barabara yenye paa. Vioo vitavunjika, na gharama yake yaweza kuwekwa katika makadirio. Lililo gumu ni kumpata mtu wa kuketi pale kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, asikilize mtoto akisoma, amtenganishe anayepigana, na jioni amsindikize mmoja hadi nyumbani ili aonane na mzazi wake.

Basi twawaomba wanachama, kabla ya kupiga kura juu ya hoja hiyo, kila tawi lilete majina ya watu wazima wawili kwa kila siku ya juma, tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Majina hayo yakipatikana, mlango na ufunguliwe. Yasipopatikana, tusiseme kwamba kelele ndizo zilizotuzuia.