Mtapo wa Samia

Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901 na majembe ya ng'ambo kuanza kuingia kwa wingi, jembe la chuma huku kwetu magharibi lilitoka mikononi mwa wahunzi. Wabukusu walikuwa na wahunzi wao, lakini waliosifika kwa kuchoma mtapo ni Wasamia, kwenye vilima vyao karibu na Ziwa Victoria. Nimefundisha kemia Bungoma, kisha Kitale, hadi nikastaafu, na somo la chuma nililianzia Samia.

Tanuri lilikuwa la udongo. Mtapo na mkaa viliingizwa pamoja, mivukuto ikasukuma hewa, mkaa ukatoa kaboni monoksaidi, nayo ndiyo iliyoupokonya mtapo oksijeni yake. Mwanafunzi huandika Fe₂O₃ + CO → Fe + CO₂, atie 2 mbele ya Fe, kisha akwame. Namwambia aanze na oksijeni za mtapo. Ziko tatu, na kila CO hubeba moja tu. Basi CO zinatakiwa tatu, na CO₂ zitatoka tatu:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Gramu 160 za oksaidi hiyo zina gramu 112 za chuma. Mhunzi awe hodari namna gani, hapati hata gramu moja zaidi.

Na kwa kweli alipata pungufu sana. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za selsiasi, joto ambalo tanuri la udongo halikulifikia, kwa hiyo kilitoka bonge lenye matundu, likapigwa nyundo likiwa jekundu hadi uchafu utoke. Mchanga uliomo kwenye mtapo nao ulidai fungu lake, kutoka kwenye oksaidi iliyokwisha kupokonywa sehemu tu ya oksijeni yake:

2FeO + SiO₂ → Fe₂SiO₄

Hayo ndiyo mavi ya chuma, mazito, meusi, yanayong'aa yakivunjwa. Kila SiO₂ moja iliondoka na atomu mbili za chuma. Mlinganyo huu hauna shida kuusawazisha, na vitabu vya shule huupita haraka, lakini mimi nauthamini kuliko ule wa kwanza. Ongeza miti iliyokatwa kwa ajili ya mkaa, na jasho la wavukutaji, uone kwa nini jembe la Samia lilitosha kutolewa mahari.

Majembe ya dukani yalizima matanuri. Ufuaji haukufa. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Bungoma na Trans Nzoia, vijana wanaokwenda tohara bado hupiga chinyimba, yaani kengele za chuma, na mafundi wanazifua kwa vyuma chakavu. Mwanafunzi mmoja alileta chinyimba kuukuu za kwao, zimeshika kutu. Tukaikwangua juu ya karatasi, nikawaachia ubao. Maji yaliyomo kwenye kutu tuliyaweka kando kwanza, wakaandika 4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃ bila kuniuliza lolote.