Canon 50mm f/1.8: ya 1987 au ya 1990?

Binamu yangu hupiga picha za harusi na matanga huko Bungoma. Pesa zake zinatosha lenzi moja kuukuu, na hapa Kitale nimemwonea mbili, zote 50mm f/1.8. Anauliza nimchukulie ipi. Tuanze na historia.

Ya kwanza Canon waliitoa 1987, pamoja na kamera za EOS. Kitako chake, pale inapojifunga kwenye kamera, ni cha chuma. Ina kidirisha cha kusomea umbali na uzito wa gramu 190. Mwaka 1990 likaja toleo la II: kitako cha plastiki, kidirisha hakuna, gramu 130, bei chini. Vioo je? Ni vilevile, 6 katika makundi 5. Sisi watu wa programu tungesema msimbo haukuguswa, umebadilishwa kava tu.

Kwa hiyo picha hazitatofautiana. Lakini kamera inayorushwarushwa kwenye bodaboda inataka chuma, na mazishi hayarudiwi ati lenzi imekatika. Canon wenyewe walirudisha kitako cha chuma 2015, kwenye toleo la STM.

Namchukulia ya 1987. Kwanza naimulika kwa tochi nione kama ina ukungu. Mvua za Kitale hazihurumii vioo.