Kahawa, Mkahawa na Uraibu

Wasomaji wetu huulizwa mara nyingi kama mtu asiyeweza kuanza kazi bila kikombe chake cha kahawa ana ugonjwa, au ana mazoea tu. Swali hili ni la kale, wala walioliuliza hawakuwa daima wakiitafuta afya.

Habari za kunywa kahawa zaanza kujulikana vema Yemeni katika karne ya 15, kwa masufi waliokesha katika ibada za usiku. Kutoka huko ikafika Maka. Mwaka 1511 Khair Beg, afisa wa Wamamluki mjini humo, aliwakusanya wanazuoni, akawaita na matabibu, nao wakashuhudia kwamba kahawa yaudhuru mwili. Ikapigwa marufuku. Lakini amri ya Sultani iliyorudi kutoka Kairo haikuharamisha kinywaji chenyewe, ila makutano yasiyofaa. Basi twaona kwamba ushahidi wa matabibu ulikuwa joho tu. Kilichoogopwa si kahawa, ni mkahawa. Hata Uingereza ilikuwa hivyo: Desemba 1675 Mfalme Charles wa Pili aliamuru mikahawa ifungwe kwa sababu ya maneno yaliyosemwa humo juu ya serikali, na Januari 1676 akaitangua amri kabla haijaanza kazi.

Dawa iliyomo katika buni ilitengwa mwaka 1819 na Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge, ndiyo kafeini. Huzuia kazi ya adenosini, kitu kiletacho usingizi katika ubongo. Mwili hulizoea zuio hilo. Likiondoka ghafula, kichwa huuma, mtu hulegea na kukasirika upesi. Hali hiyo huanza baada ya saa 12 hata 24, ikadumu siku 2 hata 9. Wanywaji wengi wafungao Ramadhani waijua sana. Mwaka 2013 chama cha matabibu wa akili cha Marekani kiliandika taabu hiyo ya kuacha kuwa maradhi. Utegemezi wenyewe kikauweka katika mambo ya kuchunguzwa zaidi. Nasi twaona kilipambanua vema.

Kiswahili nacho kina neno la kutufaa. Zamani *uraibu* ulikuwa vitu vya kutafuna: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Siku hizi ni kule kushikwa na kitu usiweze kukiacha. Kwa Wahaya wa Bukoba, ambao tangu kale walitafuna buni kuliko kuinywa, maana ya kwanza yakaa sawasawa. Buni huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, huwekwa mbele ya mgeni. Na zamani, katika udugu wa kuchanjiana, ilimezwa pamoja na damu. Mwalimu amwitaye mzee wa huko mraibu, kama aitwavyo mla afyuni, amemtukana bure.

Walakini tusiseme hapana neno. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilisema kwamba miligramu 400 za kafeini kwa siku hazimtii hofu mtu mzima mwenye afya. Kwa mwenye mimba ni 200. Asiyepata usingizi, na mwenye moyo wa wasiwasi, huweza kudhurika kwa kidogo kuliko hicho. Naye atakaye kuacha na apunguze siku kwa siku, maana akatae mara moja ndiye aumwaye kichwa.