Tiba ya kisaikolojia kwa intaneti au ana kwa ana: ipi hubadili hulka zenye madhara?

Tiba ya kisaikolojia inaweza kubadili hulka za mtu mzima, wala haiishii kwenye dalili za ugonjwa wake. Jambo hili halikukubalika kwa urahisi, kwani wataalamu wengi walishikilia kuwa haiba ikishakomaa haibadiliki tena. Leo swali limehamia kwingine: je, badiliko hilo hupatikana pia pale ambapo mtaalamu na mgonjwa huonana kwenye skrini tu?

Mwaka 2017, Brent Roberts wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 207. Katika matibabu yaliyochukua wastani wa wiki 24, wepesi wa kuvurugika hisia ndio uliopungua zaidi. Waliotibiwa matatizo ya wasiwasi walibadilika kuliko wengine, na waliotibiwa uraibu walibadilika kidogo kuliko wote.

Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo limeacha kuwagawa watu katika aina nyingi za matatizo ya haiba. Orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, hupima kwanza ukali wa tatizo, kisha hutaja hulka zinazotawala: hisia hasi zisizokoma, kujitenga, kutojali haki na hisia za wengine, kushindwa kujizuia, na kung'ang'ania utaratibu kupita kiasi. Kwa kipimo hiki, swali la skrini halina jibu moja. Aliyezoea kujitenga huenda akakubali kuanza tiba kwa sababu tu hatalazimika kutoka nyumbani. Lakini skrini hiyohiyo yaweza kuwa pazia la kujifichia. Anayeshindwa kujizuia akikata mawasiliano katikati ya hasira, mtaalamu aliye mbali hana la kufanya isipokuwa kupiga simu na kungoja.

Utafiti mmoja uliofanyika Chicago unaonyesha pande zote mbili za jambo hili, ingawa ulihusu sonona na tiba ya simu, si hulka zenyewe. David Mohr na wenzake waliwagawa wagonjwa 325 katika makundi mawili, kila kundi likipangiwa vikao 18. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba walioacha tiba njiani walikuwa asilimia 20.9 kwa waliotibiwa kwa simu, na asilimia 32.7 kwa waliokwenda kliniki. Tiba ilipokwisha, nafuu ilikuwa sawa. Miezi sita baadaye, hata hivyo, waliotibiwa ana kwa ana walikuwa na hali bora. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa, kwani anayetaka kubadili hulka hutafuta badiliko la kudumu.

Kwa upande mwingine, umbali si mgeni katika tiba ya haiba. Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alibuni tiba kwa ajili ya watu wenye hisia zinazopanda na kushuka kwa ghafla na wanaojidhuru mara kwa mara. Katika majaribio yake yaliyochapishwa mwaka 1991, waliopata tiba hiyo kwa mwaka mmoja walijidhuru mara chache zaidi, na wengi zaidi walibaki na mtaalamu wao. Tiba hiyo ina vikao vya kila wiki, mafunzo ya kikundi, na ruhusa ya kumpigia mtaalamu simu mtu anapozidiwa kati ya kikao na kikao. Kwa maneno mengine, simu ilikuwa sehemu ya tiba hiyo muda mrefu kabla ya Covid-19 kuwahamishia wataalamu wengi kwenye intaneti.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi mahali pasipo na mtaalamu ajuaye lugha yake, intaneti yaweza kuwa njia pekee ya kueleza aibu au hasira bila mkalimani. Hata hivyo, mambo mawili yafaa kuulizwa mapema. La kwanza ni kibali: nchini Marekani, kwa mfano, mtaalamu kwa kawaida hutakiwa kuruhusiwa na jimbo aliko mgonjwa. La pili ni faragha. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo mume, mama mkwe au watoto husikia kila neno, mgonjwa atazungumza juu ya kila kitu isipokuwa kile kilichomleta.