Banyambala wa Rungwe: Historia Fupi ya Klabu ya Tukuyu Stars

Tukuyu Stars, klabu ya soka ya mji wa Tukuyu ulio makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, katika msimu wake wa kwanza tangu ipande ngazi ya juu. Ngazi hiyo wakati ule iliitwa Ligi Daraja la Kwanza, jina ambalo baadaye liliachiwa ligi ya chini yake pale ile ya juu ilipoanza kuitwa Ligi Kuu, na kijana wa leo anayeyachanganya majina hayo mawili huweza kudhani kwamba taji la Tukuyu lilikuwa dogo, ilhali lilikuwa lilelile wanalogombea Simba na Yanga hadi sasa.

Mashabiki waliiita timu hiyo Banyambala, neno la Kinyakyusa lenye maana ya wanaume, na jina hilo lilitangulia kutajwa kila ilipokwenda. Rungwe ni nchi ya milima, mvua nyingi, migomba, chai na ng'ombe wa maziwa, na kutoka Nkunga, Katumba au Kiwira watu walikuwa na timu moja ya kuiita yao katika ligi ya taifa. Katika miaka ya 1980 timu kadhaa za mikoani zilibeba majina ya kazi au mashirika, kama Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro na RTC Kagera, ambayo jina lake lilitokana na kampuni ya biashara ya mkoa. Tukuyu Stars ilibeba jina la mji wake, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Uyole kwenda Kyela, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam.

Uzito wa ushindi huo huonekana vema mtu akiipitia orodha ya mabingwa tangu ligi ilipoanza mwaka 1965. Kwa miaka 20 na ushee taji lilizunguka kati ya Simba, ambayo hadi mwaka 1971 ilikuwa ikiitwa Sunderland, na Yanga, huku Cosmopolitans ikilipata mwaka 1967 na Pan African mwaka 1982, na zote nne ni klabu za Dar es Salaam. Nje ya jiji hilo ni Mseto ya Morogoro peke yake iliyokuwa imevunja mwiko, mwaka 1975. Baada ya Mseto ikaja Tukuyu, na ni baada ya Tukuyu ndipo Coastal Union ya Tanga ilipofuata mwaka 1988. Ni vema ikumbukwe pia kwamba tangu mwaka 1982 palikuwa na Ligi ya Muungano, iliyozikutanisha timu bora za Bara na za Zanzibar, na kwamba taji la Muungano la mwaka huohuo wa 1986 lilichukuliwa na Maji Maji ya Songea, hivi kwamba mataji yote mawili makubwa yaliishia kusini, jambo ambalo lingestahili kusimuliwa mara nyingi zaidi ya linavyosimuliwa.

Wachezaji wa kikosi hicho, wakiwemo Godwin Aswile na Justin Mtekere, walikuwa wachezaji wa ridhaa, yaani wasiokuwa na mkataba wa ajira ya kucheza mpira wala mshahara wa klabu unaotambulika kisheria, bali waliishi kwa posho, kambi na misaada ya wapenzi wa timu. Mfumo huo ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, kwamba klabu haikuwa na kitu cha kumzuia mchezaji pale klabu tajiri ilipomhitaji.     

Ndivyo ilivyotokea. Vipaji vya Rungwe vilishuka milima kwenda Dar es Salaam, na aliyepata jina kubwa kuliko wengi ni Sekilojo Chambua, kiungo aliyepitia Tukuyu Stars kabla ya kuichezea Yanga kwa miaka mingi na kuwa miongoni mwa viungo waliotajwa sana nchini katika miaka ya 1990. Haifai kuwalaumu wachezaji hao, kwa kuwa maisha ya mpira ni mafupi na kila mmoja alikuwa na familia ya kulisha. Lakini klabu iliyowalea haikupata fidia iliyolingana na hasara yake, na haikuutwaa tena ubingwa; baadaye ilishuka madaraja, na sasa haimo katika Ligi Kuu.

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, miaka minane baada ya ubingwa huo, kwa hiyo wananchi wengi waliufuatilia kwa sauti za watangazaji wa Radio Tanzania na kurasa za magazeti. Sehemu kubwa ya historia ya Banyambala imo vichwani mwa wazee waliocheza na waliosimama pembeni mwa uwanja, na wazee hao wanazidi kupungua. Aliye na picha, jezi, kadi ya uanachama au tiketi ya mwaka 1986, awe Tukuyu mjini, Nkunga au popote alipohamia, aitoe inakiliwe, na walimu wa shule za Rungwe wawatume wanafunzi wakawahoji wachezaji wa zamani wangali hai.