Skrubu ya Mraba ya Ontario
Katika Kingsview Village, mtaa wa kaskazini-magharibi mwa Toronto ambako familia nyingi za Kisomali zilihamia Dixon Road tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, fundi kutoka Afrika Mashariki aliyezoea bisibisi bapa na ya nyota hukutana na skrubu zenye tundu la mraba. Asizione kama ajabu ya Wakanada tu; umbo lake lina sababu. Skrubu ikigoma kutoka, kutu ndiyo hulaumiwa, ilhali mara nyingi kilichoiharibu ni umbo la kichwa chake. P. L. Robertson, mchuuzi wa zana aliyebuni skrubu ya mraba, aliumia mkono mwaka 1906 bisibisi bapa ilipomponyoka. Mwaka 1908 akafungua kiwanda Milton, magharibi mwa Toronto. Tundu lake la mraba hupungua upana kadiri linavyoingia ndani, hivyo bisibisi hushika yenyewe. Bisibisi ya nyota nayo, nguvu zikizidi, hupanda na kutoka, ikila kingo za kichwa.

Atakayepinga atasema kutu haijali umbo la kichwa. Ni kweli, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huozesha skrubu za magari ya Toronto bila huruma. Lakini mafuta ya kupenya, saa kadhaa za subira na mapigo mawili matatu ya nyundo hulegeza kutu kwenye uzi wa skrubu tu. Kichwa kikishaliwa, bisibisi haina pa kushika. Kwa hiyo kazi huanzia juu: kwangua rangi na uchafu ndani ya tundu kwa ncha kali, chagua bisibisi inayojaa tundu kabisa, ielekeze wima, igandamize kwa uzito wa mwili, kisha kaza kidogo kabla ya kulegeza. Fundi mwenye haraka huruka hatua hizi zote, akaishia kutoboa kwa drili.

Basi kwa nini skrubu ya mraba haikuenea duniani? Si kwa udhaifu wake. Henry Ford aliitumia kwenye magari yaliyoundwa Kanada, ikamwokolea muda, akataka haki ya kuisimamia. Robertson, aliyekwisha kupata hasara kwa mkataba wa leseni Uingereza, alikataa. Miaka ya 1930 skrubu ya nyota ya Henry Phillips ikaingia viwanda vya magari vya Marekani, na ya mraba ikabaki zaidi Kanada.